Je, Mgonjwa wa Sukari Aweza Kupewa Kongosho Jipya?

Watu walio na ugonjwa wa sukari, na zaidi wazazi wa watoto walio na ugonjwa huo, huuliza swali moja mara nyingi. Husema hivi: "Daktari, tumesikia kwamba katika nchi za mbali hupasua tumbo la mgonjwa na kumtia kiungo kipya, na tangu siku ile hapigwi tena sindano. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtoto wangu atakipataje?"

Swali hili ni jema, nalo lastahili kujibiwa wazi. Jibu la kwanza ni fupi: ndiyo, ni kweli. Jibu la pili ni refu, na yafaa ulisome lote kabla hujauza shamba wala ng'ombe.

Kongosho ni nini?

Ukichinja mbuzi na kutoa matumbo, tazama nyuma ya tumbo la chakula. Utaona nyama laini, yenye vidonge vidonge, rangi yake ya manjano iliyofifia. Wapishi wengi huipika pamoja na matumbo bila kujua jina lake. Hilo ndilo kongosho. Sisi wanadamu pia tunalo. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimeta 15, na uzito wake karibu gramu 100.

Kongosho lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza maji makali yanayoingia katika utumbo na kuyeyusha chakula. Kazi ya pili ni kutengeneza insulini na kuiingiza katika damu. Insulini hutoka katika visehemu vidogo sana vilivyotawanyika ndani ya kongosho kama visiwa ziwani. Mwanafunzi Mjerumani, Paul Langerhans, aliviona mwaka 1869, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Hesabu yake ni kama milioni 1, lakini ukivikusanya vyote uzito wake ni gramu 1 au 2 tu. Uhai wako umeshikwa na gramu hizo mbili.

Kwa sababu gani? Ugali, ndizi, viazi na wali tunaokula hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo ndiyo kuni za mwili. Lakini kuni zikilundikwa nje ya nyumba haziivishi chungu. Insulini hufungua mlango ili kuni zipate kuingia. Insulini isipokuwapo, damu hujaa sukari huku mwili ukifa njaa. Sukari humwagika katika mkojo, hata sisimizi huja kuulamba. Mgonjwa hunywa maji mengi, hukojoa usiku kucha, hukonda ijapokuwa anakula.

Ugonjwa huu una namna mbili kubwa. Namna ya kwanza huja zaidi kwa watoto na vijana: visiwa vimekufa, insulini hakuna. Namna ya pili huja zaidi kwa watu wazima, na mara nyingi kwa wanene: insulini ipo, lakini mwili hauisikii vema, tena hupungua kidogo kidogo. Habari ya kongosho jipya yahusu hasa wale wa namna ya kwanza.

Jinsi wazo hili lilivyoanza

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho lake. Mbwa akapata ugonjwa wa sukari. Basi ikajulikana ugonjwa huu unatoka wapi. Na mara watu wakafikiri: kama kukosa kongosho ndiko kunakoleta ugonjwa, tumpe mgonjwa kongosho lingine.

Hawakukawia kujaribu. Mwezi wa Desemba 1893, huko Bristol katika Uingereza, daktari alichukua vipande vya kongosho la kondoo akavitia chini ya ngozi ya kijana wa miaka 15 aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa sukari. Baada ya siku 3 kijana yule alikufa. Tusimcheke daktari huyo. Wakati ule hapakuwa na dawa yo yote, na mtoto wa namna hiyo hakuwa na njia nyingine.

Njia nyingine ilipatikana Kanada. Katika mji wa Toronto, Frederick Banting na Charles Best walitoa insulini katika kongosho la wanyama, na mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza. Alikuwa amekonda mpaka uzito wake ulikuwa kama kilo 29. Dawa ile ya kwanza haikuwa safi wala haikumfaa sana, lakini siku 12 baadaye alipewa iliyosafishwa vizuri zaidi, na sukari yake ikashuka. Akaishi miaka 13 mingine. Tangu hapo mtoto mwenye ugonjwa wa sukari aweza kukua, kuoa au kuolewa, na kuzaa.

Hata hivyo sindano si kongosho. Kongosho zima hupima sukari kila dakika, mchana na usiku, nasi tumelala. Mtu mwenye sindano hukisia. Akikisia pungufu, sukari hupanda, na baada ya miaka mingi huharibu macho, miguu na mafigo. Akikisia kupita kiasi, sukari hushuka mno, naye hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa kama mlevi, na aweza kuzimia. Ndiyo sababu madaktari hawakuliacha lile wazo la kale.

Mwaka 1966 huko Minneapolis

Tarehe 17 Desemba 1966, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, madaktari William Kelly na Richard Lillehei walimpandikiza mwanamke wa miaka 28 sehemu ya kongosho pamoja na figo, kwa maana ugonjwa wa sukari ulikuwa umekwisha kuua mafigo yake. Sukari yake ikashuka. Kwa siku chache hakuhitaji insulini ya chupa. Lakini kiungo hakikudumu, wala yeye mwenyewe hakuishi miezi mingi.

Wengine walifuata, na kwa miaka mingi habari ilikuwa ile ile. Wengi wa wale waliopandikizwa katika miaka ya 1970 walipoteza kongosho lao jipya kabla mwaka mmoja haujaisha. Mikono ya madaktari ilikuwa hodari. Tatizo lilikuwa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Askari wa damu

Mkulima hukata kijiti cha muhogo katika shamba la jirani, hukipanda kwake, nacho huota. Udongo haumwulizi ametoka wapi. Mwili wa mwanadamu sivyo ulivyo. Katika damu yetu mna askari wengi sana ambao kazi yao ni kuua vijidudu vya magonjwa. Askari hawa humjua kila mwenyeji, na kila mgeni humpiga. Kongosho la mtu mwingine ni mgeni. Hawajui kwamba limekuja kuokoa. Wao hulishambulia mpaka life.

Tena kwa mgonjwa wa sukari wa namna ya kwanza pana jambo la ajabu zaidi. Wale visiwa wake wa kwanza waliuawa na nani? Waliuawa na askari hao hao, ambao siku moja walikosea wakawaona wenyeji kuwa adui. Jambo hili lilionekana wazi huko Minnesota katika mapacha. Daktari David Sutherland alichukua sehemu ya kongosho la pacha mzima akampa pacha mwenzake mgonjwa. Hao ni mapacha waliofanana kabisa, ambao mwili wa mmoja haumkatai mwingine, kwa hiyo walidhani dawa za kuwatuliza askari hazihitajiki. Kongosho lilipokewa vizuri, sukari ikashuka, watu wakafurahi. Kisha, baada ya majuma kadhaa, ugonjwa wa sukari ukarudi. Walipotazama katika mashine ya kukuzia waliona kongosho ni zima, ila visiwa vya insulini vimeangamizwa. Habari hii ilitangazwa mwaka 1984. Yaani askari walikuwa hawajasahau ugomvi wao wa zamani.

Basi mtu akikuambia kwamba kongosho la ndugu yako wa tumbo moja litakuponya bila dawa nyingine, mkumbushe mapacha hao.

Dawa zilizotoka udongoni

Msaada ulitoka mahali ambapo mtu asingefikiri kutazama. Katika uwanda wa baridi wa Hardangervidda, nchi ya Norwe, udongo kidogo ulichukuliwa ukapelekwa kuchunguzwa. Ndani yake mlikuwa na ukungu, kama ule unaoota juu ya mkate mbovu, na katika ukungu huo ikatoka dawa iitwayo siklosporini. Dawa hiyo huwafanya askari wa damu wasinzie. Mwaka 1978 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walianza kuwapa watu waliopandikizwa viungo. Mwaka 1984 Wajapani walipata dawa nyingine yenye nguvu zaidi katika udongo wa Tsukuba. Hii ni takrolimusi, nayo hutumika sana hata leo.

Kwa dawa hizi mambo yaligeuka. Siku hizi, katika watu 10 waliopandikizwa kongosho pamoja na figo kwenye hospitali zenye ujuzi, 8 au 9 kongosho lao bado linafanya kazi baada ya mwaka 1, na wengi huendelea miaka 10 na zaidi. Tangu mwaka 1966 kazi hii imefanywa zaidi ya mara 50,000 duniani.

Jinsi inavyofanywa

Watu wengi hudhani kongosho la zamani hutolewa na jipya hutiwa mahali pake. Sivyo. La zamani huachwa, kwa kuwa bado latoa yale maji ya kuyeyusha chakula. Jipya huwekwa chini ya tumbo, kwa kawaida upande wa kuume, na kama kuna figo pia, figo huwekwa upande wa kushoto. Mishipa ya damu ya kongosho hushonwa kwenye mishipa mikubwa iendayo mguuni. Maji makali ya kongosho yalisumbua madaktari sana hapo kwanza, kwa maana yakivuja huyeyusha nyama ya mtu kama yanavyoyeyusha chakula. Katika miaka ya 1980 wengi waliyaelekeza katika kibofu cha mkojo. Sasa mara nyingi huyaelekeza katika utumbo, kama yalivyo kwa mtu mzima.

Kongosho lenyewe latoka wapi? Karibu sikuzote latoka kwa mtu aliyekufa, mara nyingi kijana aliyeumia kichwa, ambaye ubongo wake umekufa na mashine ndiyo inayompumulia. Jamaa zake huombwa ruhusa katika saa ile ya kilio, wala si neno jepesi kuombwa hivyo. Wakikubali, kiungo hutolewa, huwekwa katika barafu, na hupandikizwa katika mgonjwa kwa saa chache, maana hakikai. Kununua na kuuza viungo vya watu kumekatazwa katika karibu nchi zote. Mtu akija kwako akisema, "Nipe fedha, nitakupatia kongosho," mkimbie.

Ni nani anayefaa?

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, lakini afadhali kusema sasa kuliko baadaye.

Mtu aliyepandikizwa hameza dawa za kuwatuliza askari wa damu kila siku mpaka kufa kwake. Akiziacha kwa siku kadhaa, askari huamka na kuua kiungo. Damu yake lazima ipimwe mara kwa mara ili kujua kama dawa imezidi au imepungua. Na askari wakisinzia, hawasinzii kwa kongosho tu. Kifua kikuu kilichokuwa kimejificha huweza kuamka. Kidonda kidogo huweza kuwa kikubwa. Na kansa za namna nyingine huongezeka. Takrolimusi hudhuru mafigo, tena huweza kupandisha sukari ile ile tuliyotaka kuishusha!

Kwa hiyo madaktari hupima kwa mizani. Mgonjwa ambaye mafigo yake yamekufa anahitaji figo kwa vyo vyote, na kwa ajili ya figo hiyo atameza dawa hizo. Basi kumwongezea kongosho ni faida kubwa kwake. Hao ndio walio wengi katika wanaopandikizwa. Wachache wengine ni wale ambao sukari yao hushuka ghafula bila dalili, wakazimia barabarani au usingizini, na njia zote nyingine zimeshindwa. Mgonjwa ambaye mafigo yake ni mazima, naye aendelea vizuri na sindano, akipandikizwa atakuwa ametoa mzigo mmoja kichwani na kupokea mzito zaidi.

Wale waliofaa hupata faida ya kweli. Hula na watu wengine bila kuhesabu kila kijiko. Huko Minnesota walichunguza mafigo ya wagonjwa 8 waliopandikizwa kongosho peke yake. Baada ya miaka 5 uharibifu wa mafigo ulikuwa bado upo. Baada ya miaka 10 ulikuwa umeanza kuondoka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1998, na kabla yake wengi walidhani figo iliyoharibiwa na sukari haiwezi kurudi nyuma hata kidogo. Lakini jicho lililokwisha kupofuka halifumbuliwi, wala mguu uliokatwa hauoti.

Tuseme baba mmoja anakuja na binti yake wa miaka 12, aliyeanza sindano mwaka jana. Asema, "Mama muuguzi, nina shamba la kahawa. Nitaliuza nimpeleke Afrika ya Kusini." Ni kweli kwamba huko Johannesburg wako madaktari wanaopandikiza kongosho na figo. Muuguzi atamwuliza, "Baba, mafigo ya binti ni mazima?" "Ndiyo, mlipima." "Huzimia?" "La, mara moja tu alitetemeka, mama yake akampa chai ya sukari." "Basi, baba, hata huko Johannesburg hawatamkubali, maana hana haja nalo. Na kama wangemkubali, dawa za kila mwezi ungezinunua kwa nini, shamba likiwa limekwisha kuuzwa?" Katika Marekani kazi hii hugharimu dola laki kadhaa, na dawa ni juu ya hapo. Shamba hilo likibaki, kahawa yake italipa insulini ya binti mwaka huu, na mwaka ujao pia.

Visiwa peke yake

Wako madaktari waliowaza hivi: ikiwa mgonjwa amekosa gramu 2 tu za visiwa, kwa nini tumpe kongosho zima pamoja na maji yake makali? Mwaka 2000, katika mji wa Edmonton, Kanada, James Shapiro na wenzake walitangaza kwamba wamewapa wagonjwa 7 visiwa vilivyotengwa na kongosho, kwa kuviingiza katika mshipa uendao kwenye ini. Hakuna kupasua tumbo. Wote 7 waliacha insulini. Dunia ilifurahi sana. Lakini walipohesabu wagonjwa wao baada ya miaka 5, karibu mmoja tu katika 10 alikuwa bado hapigi sindano, ingawa wengi sukari yao ilikuwa imetulia na hawakuzimia tena.

Mwaka 2025 ilitangazwa habari nyingine, ya visiwa visivyotoka kwa maiti bali vilivyokuzwa katika chombo. Katika watu 12 waliopewa, 10 hawakuhitaji insulini baada ya mwaka mmoja. Ni habari njema. Lakini na hao pia humeza dawa za kuwatuliza askari, na watu 12 ni wachache. Watu wazima wenye ugonjwa wa sukari duniani wamepita milioni 500.

Chupa iliyo mkononi mwako

Huenda mtu akisoma haya atasema, "Basi nitangoja hiyo ya chombo." Ngoja, lakini ukingoja piga sindano. Mtoto wa namna ya kwanza akiachishwa insulini, hata kama ni kwa sababu ya dawa ya mizizi, au kwa kuwa mtu amemwambia kwamba sindano ni kukosa imani, hufa kwa siku chache au majuma machache. Tumbo humwuma, hutapika, huhema kwa nguvu, pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva mno. Usingoje asubuhi, mlete usiku huo huo.

Wala usidhani kwamba sindano ni njia ya maisha mafupi. Katika mji wa Boston, Marekani, iko hospitali ya Joslin, ambayo tangu mwaka 1970 hutoa nishani kwa watu waliotumia insulini kwa miaka 50. Wamepewa maelfu ya watu. Baadaye ilibidi kutengeneza nishani ya miaka 75.

Wengi wetu hatuna frigo nyumbani, na watu huogopa kwamba insulini itaharibika. Chupa isiyofunguliwa yapasa kukaa penye baridi, lakini isigande kamwe, iliyoganda hutupwa. Iliyofunguliwa hukaa nje ya frigo kama majuma 4 pasipo jua wala moto. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, mahali pa joto kali, walipima joto la nyumba za watu, wakaiweka insulini kwa majuma 4 katika joto la namna ile, lipandalo na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Nguvu yake ilikuwa sawa na ya ile iliyokaa katika frigo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021.

Basi chukua vyungu viwili vya udongo, kikubwa na kidogo. Tia kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, weka chupa ndani ya kile kidogo ikiwa imefungwa katika mfuko usiopitisha maji, ufunike kwa kitambaa chenye maji. Kiweke kivulini penye upepo, mbali na mafiga. Andika juu ya chupa tarehe uliyoifungua. Insulini nyingine ni nyeupe kama maziwa kwa asili yake, nyingine ni safi kama maji. Mwulize muuguzi yako ni ya namna gani. Iliyokuwa safi ikigeuka kuwa na mawingu au vipande vipande, usiipige. Ilete hospitalini, ubadilishiwe.